Hip hop na wakubwa: yanayosemwa barazani na yalivyo

Mzee mmoja barazani kwetu Jang'ombe kila akiskia rap kwenye simu yangu huniambia "mwanangu, huo mziki wa wahuni, umezaliwa ili watu wawatukane wakubwa zao". Mie hunyamaza, yule hajibiwi, lakini kuna mengi ambayo sio ivo kabisa.

Kwanza hilo la kuzaliwa na uhuni. Magenge Bronx, mtaa wa New York ilikoanzia hip hop, yalikuwepo, sikatai, ila pati ile inayohesabiwa ndo mwanzo wake ilikuwa tarehe 11 Agosti 1973 kwenye jengo nambari 1520 Sedgwick Avenue, na sababu yake ni nguo za skuli. Cindy Campbell alitaka pesa anunue nguo mpya skuli zikifungua, akachukua ukumbi wa wapangaji mule mule ndani ya jengo, kiingilio wasichana senti 25 wavulana senti 50, kakake DJ Kool Herc akapiga santuri. Na jengo lenyewe lilijengwa chini ya mpango wa serikali wa nyumba za watu wa kipato cha kawaida, yani piga picha mtoto wa Michenzani anaomba chumba cha chini cha bloki yao afanye sherehe. Sasa hapo uadui na serikali uko wapi, mziki umezaliwa ndani ya nyumba iliyojengwa kwa mpango wa serikali!

Ugomvi ulikuja baadae, na ulikuja kweli. Mwaka 1989 ofisa wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, aliiandikia barua kampuni iliyokuwa ikitoa kazi za kundi la rap la N.W.A kulalamikia wimbo wao dhidi ya polisi. Mwaka huo huo Grammy, tuzo kubwa za mziki Marekani, wakatoa tuzo ya rap kwa mara ya kwanza lakini wakakataa kuionesha kwenye televisheni, waliopendekezwa kuipata baadhi yao wakasusa kwenda. 1990 jaji wa Florida akasema albamu ya 2 Live Crew, kundi jengine la rap, ni uchafu mtupu, 1992 mahakama ya rufaa ikaitupa hukumu ile.

Ndo watu wakashika kwamba taasisi zote zinaichukia hip hop daima. Mbona Harvard wana hazina yao ya kumbukumbu za hip hop tokea 2002, na 2018 rapa Kendrick Lamar kapewa Pulitzer, tuzo ya heshima ya Marekani, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani yenyewe imewahi kulipia marapa wende nchi za watu kufundisha vijana? Mana yake wanaitaka, ila wanaitaka kwa masharti yao, na hapo ndo roho ya mwana hip hop haitulii, anajiuliza napewa zawadi au nafungwa mdomo.

Jengine nnaloskia sana ni kwamba rapa akiingia bungeni basi keshanunuliwa. Wapo, wapo. Lakini rapa wetu Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini tokea 2010, na Februari 2018 akiwa mbunge vile vile akahukumiwa miezi mitano jela kwa kumtukana rais. Mwengine ni rapa Mwana FA, aliyeingia bungeni 2020 kwa jimbo la Muheza, 2023 akawa naibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo, yani wanaosimamia wasanii wakawa chini ya wizara yake. Kila mmoja umhukumu kwa kazi yake.

Na kufungia wimbo ndo kuuwa? Machi 2017 polisi walimkamata rapa Nay wa Mitego kwa wimbo wake "Wapo", na BASATA, baraza la sanaa la bara, wakaufungia, haikupita siku mbili Rais Magufuli kaagiza aachiwe na wimbo upigwe, tena kasema aongeze na mengine. Waliokuwa hawajauskia wote wakautafuta.

Hili jengine ndo linaniudhi, eti kuwasema wakubwa kwa nyimbo ni mambo ya Marekani, Zanzibar hatuna. Jamani, Siti binti Saad, muimbaji wetu wa taarab! Mtoto wa Fumba, 1928 kasafiri mpaka Bombay kurikodi santuri, na kwenye nyimbo zake imo "Kijiti", kisa cha mwanamke mgeni aliyeuliwa, muuaji akakimbilia bara, wakafungwa mashahidi. Mahakama ya wakoloni inasemwa kwa jina la kesi, kwa Kiswahili, watu wanaitikia. Miaka mingi mbele Cool Para akaichanganya taarab na rap, watu wakashangaa kama kaleta kitu kutoka mwezini. Yule mzee wangu Siti anampenda kufa, na sijawahi kumuuliza anaskia nini mule ndani.

La mwisho ni la kisheria, wengi wanadhani BASATA wakifungia wimbo Dar basi na Unguja na Pemba umefungiwa. Utamaduni sio jambo la Muungano, huku Zanzibar tuna baraza letu la sanaa na filamu, BASSFU, na vibali vyetu. Kwenye vibali ndo penyewe. Sie tulitaka kufanya jukwaa dogo la rap mtaani, muda wa saa mbili tu, baada ya laasiri, ofisi moja ikatutuma nyengine, nyengine ikaturudisha ile ya mwanzo, karatasi ikatoka Jumatatu na shoo ilikuwa Jumamosi iliyopita. Spika tulikuwa tushakodi, na mwenye spika pesa hakurudisha.