Kinga ya mwili haipandi kama homa

Kando ya Soko la Majengo hapa Dodoma hukosi meza yenye chupa za dawa za rangi ya chai ya rangi, na mwenye meza ana wimbo wake: "Kunywa hii mama yangu, kinga itapanda." Sina ugomvi na mitishamba. Neno linalonitatiza ni hilo "itapanda", kana kwamba kinga ni maji ya tenki, yakipungua unajaza.

Turudi kwenye neno lenyewe. Mvua za Desemba zikianza, kila nyumba ya bati inakinga maji kwa ndoo. Mtu akirushiwa jiwe, anakinga uso kwa mkono. Kitenzi ni kimoja ila kazi ni mbili: kudaka na kuzuia. Kinga ya mwili nayo hufanya zote mbili. Kinachozuia ni ngozi, machozi, kamasi na tindikali ya tumboni. Vijidudu vikipenya hapo, vinadakwa na chembe nyeupe za damu, ambazo kliniki huwa wanaziita askari wa mwili. Askari hao hutengenezwa kwenye uboho ndani ya mifupa, huzunguka na damu, na wengi hupiga kambi kwenye tezi. Ukichomwa na mwiba wa mgunga unyayoni, kidonda kikaoza na mtoki ukakuvimba kinenani, ujue tezi ya hapo imeingia kazini.

Kwa hiyo tunazungumzia kikosi, na kikosi hakifai kwa wingi wake tu. Kinga ikiwaka bila sababu ni ugonjwa vilevile. Mwenye mzio anayepiga chafya mfululizo upepo wa Agosti unapoinua vumbi ana kinga inayopigana na kitu kisichostahili vita. Ikipungua kweli, hatuhitaji maelezo marefu: UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na virusi vyake hushambulia askari wenyewe. Huko dawa ni ARV, wala hakuna lishe au chupa ya kuchukua nafasi yake.

Tulio wazima tunachoweza ni kukitunza kikosi kisichoke, na hapo naanza na usingizi kwa sababu ndio tunaoudharau zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 164: walipima usingizi wao kwa wiki moja, kisha wakawadondoshea virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Virusi vilikuwa vilevile. Nawafikiria bodaboda wetu wanaolala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri, halafu ndio wateja wakubwa wa zile chupa.

Kuhusu chakula, mkoa huu hauna sababu ya kujidharau. Ugali wa uwele kwa mlenda uliotiwa karanga ni mlo wa maana: karanga zina protini na zinki, majani yana kiini cha vitamini A, na mafuta ya karanga huusaidia mwili kuifyonza vitamini hiyo. Bibi zetu walitia karanga kwa ajili ya ladha, lakini walipatia. Shida ni majani makavu ya kiangazi. Yakianikwa kwenye jua kali hupoteza sehemu kubwa ya vitamini; kivulini penye upepo hubaki nyingi zaidi. Ubuyu una vitamini C ya kutosha, mradi usiuchemshe sana. Zile pipi nyekundu za ubuyu ni sukari, tusidanganyane.

Vumbi na moshi ni habari nyingine. Njia ya hewa ina vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma kamasi na uchafu kuelekea nje, na moshi wa sigara huvidhoofisha. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha nao huumiza mapafu, watoto wakiwa wa kwanza kuumia. Nyunyiza maji kabla ya kufagia uwanja. Pikia nje inapowezekana. Kunawa mikono kwa sabuni unajua, na kutembea kwa miguu pia. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, na anayekwenda sokoni na kurudi kwa miguu kila siku huenda keshazimaliza.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hawalihesabu kama kinga: chanjo. Kinga ina kumbukumbu. Ikishakutana na adui mara moja, askari wachache hubaki wakiijua sura yake, na safari ijayo hujibu haraka. Chanjo huwaonyesha sura hiyo bila mtoto kupitia ugonjwa wenyewe. Ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha akifika miezi 18. Ile ya pili ndiyo rahisi kuisahau, maana kufikia hapo mtoto keshaanza kukimbia uwanjani na kadi ya kliniki iko chini ya godoro.