Karatasi nne za kudai unaposikia viongozi wamekula pesa ya safari

Kila habari ya posho za viongozi inapotoka, mji wetu wa Lubumbashi, Kongo (RDC), huchemka siku mbili tatu. Inazungumzwa kwenye teksi-basi za mitaa ya Kenya na Katuba, sokoni, na kwenye vikundi vya WhatsApp vya walimu wanaongoja mshahara. Mwaka 2019 ilikuwa habari ya amri alizosaini waziri mkuu Bruno Tshibala Novemba 2018, zilizowapa mawaziri wa zamani pesa ya kila mwezi maisha yao yote. Mwaka 2021 zikaja jeep za wabunge 500 wa taifa. Hasira hiyo ni ya haki kabisa. Walipa kodi wana sababu ya kukasirika pale zahanati inapokosa dawa huku msafara wa kiongozi ukijaza hoteli. Lakini hasira hupoa haraka kwa kuwa haina pa kushika: watu wanasema "wanakula", ila hawasemi wamekula kwenye karatasi gani, tarehe gani, na nani alitia saini.

Tuanze na lililo halali, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Kifungu cha 109 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinampa mbunge na seneta haki ya malipo ya kumtosha, ili asiwe mtumwa wa mtu yeyote, na kinataka malipo hayo yaonekane kwenye sheria ya bajeti. Kinampa pia malipo ya kuondoka, sawa na miezi 6 ya mapato yake. Kifungu cha 197 kinaipeleka kanuni hiyo hadi kwa wabunge wa majimbo. Kwa hiyo ukiona mapato ya mbunge ni makubwa mno ukilinganisha na ya mwalimu, hilo ni jambo la siasa, na mahali pake ni kwenye mjadala wa bajeti na kwenye sanduku la kura. Tusiite wizi kitu kilichopigiwa kura. Tuseme kimezidi, na tudai kipunguzwe.

Wizi hujificha kwingine: kwenye pesa ya safari za kazi na pesa ya kuendesha ofisi. Mshahara una orodha na kiwango kinachojulikana. Safari haina kiwango kama hicho, kwa sababu anayeamua idadi ya siku na idadi ya watu mara nyingi ndiye huyo huyo anayesafiri.

Sheria ya fedha za Leta, yaani za serikali, namba 11/011 ya 13 Julai 2011, inapitisha matumizi kwenye hatua nne. Kwanza ofisi inajifunga kwamba itatumia pesa, kwa mstari fulani wa bajeti. Pili inahakikishwa kwamba kazi imefanyika na deni ni la kweli, kisha kiasi kinapigwa hesabu. Tatu, mwenye mamlaka anaamuru malipo. Nne, mhasibu analipa. Kwenye karatasi za Kifaransa hatua hizo zinaitwa engagement, liquidation, ordonnancement na paiement, na ni vizuri kuyajua maneno hayo, maana ndiyo yanayoandikwa juu ya safu za ripoti za bajeti. Hatua ya pili ndiyo ngao. Sasa, pesa ya safari hutolewa kabla mtu hajaondoka, kwa hiyo ngao hiyo haifanyi kazi mpaka msafiri arudi na kuleta ushahidi. Asipouleta na asiulizwe, shimo linabaki wazi. Vivyo hivyo na malipo ya dharura: pesa hutoka leo, karatasi huahidiwa kesho. Dharura ya kweli ipo, kwa mfano daraja limevunjika au kipindupindu kimeingia. Semina iliyopangwa miezi miwili kabla si dharura.

Safari moja halali huacha karatasi nne nyuma yake. Ya kwanza ni amri ya safari, ile watu wanayoiita ordre de mission. Iwe na jina na cheo cha kila msafiri, mahali, kazi yenyewe, tarehe ya kwenda na ya kurudi, chombo cha usafiri, na nani anagharamia. Igeuze nyuma: pale ndipo mamlaka ya mahali alikofika hupiga muhuri wa kufika na muhuri wa kuondoka, pamoja na tarehe na saini. Amri ambayo mgongo wake ni mweupe haithibitishi kwamba mtu alifika. Ya pili ni orodha ya malipo, yenye saini ya kila aliyepokea na kiasi alichopokea. Ya tatu ni vithibitisho: kipande cha tiketi ya ndege alichopandia, risiti ya hoteli, risiti ya mafuta. Ya nne ni ripoti ya safari. Ripoti ya kweli inataja aliokutana nao, kilichokubaliwa na kinachobaki kufanywa. Kurasa mbili za shukrani kwa wenyeji hazitoshi kuitwa ripoti.

Chukua mfano, na kiwango cha dola 200 kwa siku hapa ni cha kupigia hesabu tu. Watu 6 wanatoka Lubumbashi kwenda Kinshasa kwenye warsha ya siku 2. Ukihesabu siku ya kwenda na siku ya kurudi, zinakuwa siku 4. Watu 6 mara siku 4 mara dola 200 ni dola 4,800. Amri ya safari inaandika siku 10: inakuwa dola 12,000. Dola 7,200 zimeongezeka bila mtu kughushi saini hata moja, na kila karatasi ikitazamwa peke yake inaonekana safi. Kinachofichua ni kuzilinganisha: barua ya mwaliko inasema siku 2, tiketi inasema alirudi siku ya nne, amri inasema 10. Angalia pia majina. Katika wale 6, wangapi walialikwa kwa jina, na wengine walikwenda kufanya nini?

Kuna ulaji mwingine ambao raia wengi hawaujui. Shirika linaloalika mara nyingi hulipia chumba na chakula. Kiongozi akipokea tena posho nzima ya Leta kwa siku hizo hizo, amelipwa mara mbili kwa usiku mmoja. Swali la kuuliza ni fupi: barua ya mwaliko inasema nani analipia malazi?

Mafuta nayo yanahesabika kwa urahisi. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Jeep inayokunywa lita 15 kwa kilomita 100 itamaliza lita 36. Ongeza mizunguko ya mjini, fika 50. Bono, yaani hati ya kuchukulia mafuta, ya lita 200 kwa safari hiyo inahitaji maelezo. Ndiyo maana kila gari la Leta linapaswa kuwa na daftari lake: kilomita za kuanzia, kilomita za kumalizia, lita zilizotiwa, jina la dereva. Daftari lisipokuwepo, hakuna wa kusema mafuta yaliingia tangi gani.

Kwenye risiti, tazama kwanza kama muuzaji ana anwani, namba ya kodi na namba ya RCCM, yaani ya rejista ya biashara. Kisha tazama namba za risiti zenyewe. Hoteli inayopokea wageni kila siku haiwezi kutoa risiti namba 041, 042 na 043 kwa msafiri yule yule katika tarehe zilizoachana kwa wiki tatu. Hapo kitabu kizima kimenunuliwa na kujazwa ofisini. Mwandiko mmoja kwenye risiti za maduka tofauti unasema hivyo hivyo. Na pro forma si risiti: ni bei iliyopendekezwa, haithibitishi kwamba kuna kilicholipwa.

Kwamba karatasi hizi zina nguvu, Uingereza ilionyesha mwaka 2009. Waandishi wa habari, akiwemo Heather Brooke, walikuwa wamedai kwa miaka orodha za matumizi ya wabunge kwa sheria ya haki ya kupata habari, na Bunge likapinga hadi mahakamani. Mei 2009 gazeti la Daily Telegraph likaanza kuzichapisha. Humo mlikuwa na dai la kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba la mbunge, na dai la kijumba cha bata cha pauni 1,645, ambalo ofisi ya malipo ililikataa. Yaliyoumiza zaidi yalikuwa madai ya nyumba ya pili: mbunge anabadilisha nyumba ipi ni ya pili, ili kila moja itengenezwe kwa pesa ya umma. Spika Michael Martin alijiuzulu, wabunge wakarudisha zaidi ya pauni milioni 1, na baadhi yao walifungwa jela kwa hesabu za uongo. Iliundwa mamlaka huru, IPSA, inayolipa madai na kuyachapisha. Zamani wabunge walijipangia kanuni wenyewe, na madai madogo hayakuhitaji risiti. Huo ulikuwa mzizi wa maradhi, na sisi tunaujua vizuri.

Raia wa Haut-Katanga, jimbo letu, ana mlango gani? Ripoti za ufuatiliaji wa bajeti za Wizara ya Bajeti huonyesha, ofisi kwa ofisi, pesa iliyopigiwa kura na iliyolipwa. Weka safu hizo mbili kando kwa kando. Ofisi ya kisiasa iliyolipwa kupita ilichopigiwa kura, huku afya au kilimo vimepata chini ya nusu, ndiyo ya kuanzia. Kwa jimbo, dai edi, yaani sheria ya jimbo, ya bajeti na edi ya kufunga hesabu za mwaka kwenye Bunge la jimbo.

Kisha andika ombi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongo haki ya kuiandikia mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka ina miezi 3 ya kujibu. Hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Barua iwe ya ukurasa mmoja, itaje safari moja na tarehe zake, iombe zile karatasi nne kwa majina yake. Barua inayouliza "pesa zetu ziko wapi" hujibiwa kwa hotuba. Peleka nakala mbili, na usiondoke mpaka ya kwako imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, kwa sababu miezi 3 huanza kuhesabiwa hapo.

Jihadhari na maneno. Kifungu cha 74 cha sheria ya adhabu kinamfunga siku 8 hadi mwaka 1 anayemshutumu mtu hadharani kwa nia mbaya. Kuandika kwenye kikundi "fulani ni mwizi" kunamgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Kuuliza "amri hii inasema siku 10, mwaliko unasema 2, tofauti imekwenda wapi?" hakumtukani mtu. Kuamua kama ni uporaji wa mali ya umma, ambao kifungu cha 145 cha sheria hiyo hiyo kinauadhibu kwa mwaka 1 hadi 20, ni kazi ya mahakama.

Jibu lisipokuja baada ya miezi 3, chukua ile nakala yenye muhuri, ambatanisha barua ya pili, na uipeleke kwa mbunge wa jimbo wa eneo lako ukimwomba aulize swali la mdomo au la maandishi kwa liwali. Nakala nyingine iende Cour des comptes, ambayo kifungu cha 180 cha Katiba kinaipa kazi ya kukagua hesabu za Leta na za majimbo, na nyingine kwa Inspection générale des finances, wakaguzi wa fedha za Leta. Kwenye kila nakala andika tarehe ya barua ya kwanza juu kabisa, na ubaki na yako yenye muhuri nyumbani.