Kufungwa pointi moja na mwili mzima kuuma: maswali na majibu

Watu wa raga hapa Lamu si wengi kama wa mpira ila walioko wanaipenda kikweli, na juzi barazani tukawa twakumbushana ile nusu fainali ya Kombe la Dunia 2023 kule Ufaransa, Uingereza wameongoza karibu mechi nzima halafu dakika za mwisho Handré Pollard wa Afrika Kusini akapiga penalti, 16 kwa 15, kwisha. Maswali yalotoka pale nimeona niyajibu vizuri.

Mbona pointi moja inauma kuliko kufungwa thelathini?

Ukifungwa thelathini ikifika hafutaimu moyo ushakubali. Hii ya pointi moja ushindi ulikuwa mkononi ukanyang'anywa, ndio maana akili yabaki kurudia pale pale, lau wangeushika ule mpira, lau referi asingepuliza. Na mwilini adrenalini, ile homoni ya msisimko, imepanda, moyo wapiga mbio, misuli imekaza, na haizimiki kama taa filimbi ya mwisho ikilia. Kichwa kuuma, tumbo kusokota, chakula hukitaki siku moja mbili, hayo ni kawaida kabisa.

Sikulala mpaka adhana ya alfajiri, nifanyeje?

Mechi ile ilianza saa nne usiku kwa saa zetu, na wengine walikuwa washaanza kutafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, tangu magharibi. Muguka peke yake yamkesheza mtu hata timu ikishinda. Siku za mechi ya usiku punguza au uache, ikiisha weka simu mbali usitazame marudio, tembea kidogo upate upepo, oga, lala. Na kesho usilale mchana kutwa, utakesha tena.

Baba ana presha, tumkataze kutazama?

Hapa niwe muwazi maana ndilo linalonihangaisha zaidi. Mwaka 1998 Uingereza ilitolewa na Argentina kwa penalti kwenye mpira, na watafiti walipohesabu wakaona walolazwa kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kama asilimia 25 siku ile na mbili zilizofuata. Simwambii mzee asitazame, namwambia ameze dawa zake kwa wakati, asivute sigara mechi nzima, na asikae peke yake. Kifua kikikaza kama kimewekewa jiwe, maumivu yakienda mkononi, tayani au mgongoni, jasho jembamba, pumzi fupi, msiseme ni gesi wala ni machungu ya mechi, na msingoje kukuche. Mkalisheni, asitembezwe, apelekwe hospitali ya King Fahd saa hiyo hiyo. Vichochoro vyetu gari haipiti, na aliye Shela usiku atahitaji boti, kwa hivyo namba ya nahodha iwe kwenye simu yako leo, sio usiku ule mnahangaika gatini.

Mume wangu timu ikifungwa arudi na hasira, watoto wajificha.

Pole sana dada. Lakini mechi haimpi mtu ruhusa. Kule Lancashire, Uingereza, waliangalia Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010, ripoti za kupigwa majumbani zilipanda asilimia 38 timu yao ikifungwa, na hata ikishinda au kutoka sare zilipanda asilimia 26, basi usikubali kuambiwa ni pointi moja ndio imefanya. Kama ni hasira tu, akae barazani kwanza mpaka ipoe ndio aingie ndani. Akiinua mkono, ondoka na watoto uende kwa mtu unayemwamini na upige 1195, namba ya msaada kwa wanaopigwa majumbani, ni bure.

Huzuni ya mechi yaisha lini?

Wengi siku mbili tatu, mechi ya pili ikikaribia ushasahau. Ikipita wiki mbili bado huli, hulali, kazini huendi, hapo sio raga tena, kuna jingine chini yake, nenda ukaongee na daktari. Na ukisikia moyoni afadhali kufa usingoje hizo wiki mbili, mwambie mtu usiku huo huo, hata ukimwamsha.