Kabla hujaamini ngazi ya hadithi ya mtandaoni, hesabu silabi

Walimu huniomba kila wiki: "Nipe tovuti nzuri ya kufundishia kusoma." Huwa ninawarudishia swali: mtoto atafanya nini na hicho utakachokipakua? Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa lugha wa madarasa ya chini, na nimeshuhudia vifaa vya kupendeza vikimaliza kipindi kizima bila mtoto hata mmoja kusoma sentensi.

Siku moja nilikaa nyuma ya darasa lililokuwa likitumia mchezo wa maneno kwenye tableti. Sauti inatamka "kikombe", zinatokea picha nne, kila moja ina neno lake chini, mtoto anagusa picha na nyota zinamwagika. Kila kikundi kilipata nyota zote. Kipindi kilipokwisha nikaandika ubaoni, bila picha: kikombe, kikapu, kikoba. Binti aliyekuwa akiongoza aliyasoma yote matatu "kikombe". Hakuwa mzembe hata kidogo. Mchezo haukuwahi kumtaka asome. Ulimtaka asikilize na kutambua picha, na hayo aliyajua hata kabla hajaanza shule.

Tangu hapo nina kipimo kimoja ninachokitumia kabla ya kingine chochote. Funika maneno kwa kiganja. Kama mtoto bado anaweza kupata jibu, hiyo si kazi ya kusoma.

Sisemi michezo ya namna hiyo haina faida. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kufumbua maneno, yaani kugeuza herufi kuwa neno linalotamkwa, mara uwezo wa kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Video ya hadithi inayosimuliwa inajenga upande wa kuelewa, mazoezi ya silabi yanajenga upande wa kufumbua. Shida huanza mwalimu anapodhani analisha upande mmoja kumbe analisha mwingine, na mtoto anabaki na sifuri yake palepale.

Kwa hadithi zenyewe, mimi huanzia kwenye maktaba mbili: African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyofunguliwa mwaka 2015. Zote zina hadithi za Kiswahili, zote ni za bure, na zote zinakuruhusu kutafsiri au kurekebisha hadithi humo humo kwenye tovuti. Ruhusa hiyo ndiyo inayonifanya nizipende. Hadithi nyingi humo zina leseni ya Creative Commons ya kutaja waliozitunga: unaweza kunakili, kutafsiri, kufupisha na kuchapa, ilimradi umtaje mwandishi na mchoraji na useme umebadilisha nini. Angalia herufi za leseni kabla hujagusa kitu. NC maana yake usifanyie biashara. ND maana yake usisambaze nakala uliyoibadilisha. Hadithi ya namna hiyo isomeni darasani kama ilivyo.

Sasa tuje kwenye ngazi, yaani kiwango cha ugumu ambacho tovuti huipa kila hadithi, maana hapa ndipo walimu wazuri wanapokwama.

African Storybook hupanga ngazi kwa kuangalia maneno yaliyo katika kila ukurasa. StoryWeaver huangalia urefu wa hadithi nzima. Ngazi yake ya kwanza ni hadithi fupi za maneno kama 250 kushuka chini. Kwa hiyo ngazi ya pili ya huku si ngazi ya pili ya kule. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba neno la Kiswahili halilingani na neno la lugha nyingine. Chukua "hawatatusubiri". Ni neno moja lenye silabi saba, na ndani yake kuna ukanusho, watenda, wakati ujao, watendwa na kitendo chenyewe. Kiingereza kinahitaji maneno sita kusema hivyo, yote ya silabi moja moja. Hadithi ikitafsiriwa, hesabu ya maneno inashuka na ukurasa unaonekana mwepesi, kumbe mtoto amepewa mzigo mzito zaidi wa kufumbua. Anafika katikati ya neno, anasahau mwanzo wake, anaanza kubahatisha. Mwalimu anadhani mtoto haelewi hadithi.

Kwa sababu hiyo mimi huhesabu silabi. Kwa anayeanza nataka maneno ya silabi mbili na tatu, na la silabi nne liwe mgeni wa mara mojamoja. Natazama pia miambatano, kama "mbw" na "ngw", isije ikarundikana katika ukurasa mmoja.

Hebu tuone sentensi moja ninayoitumia katika mafunzo: "Paka aliyekuwa na njaa alipomwona panya akipita alianza kumkimbiza." Maneno tisa tu, lakini matatu yana silabi tano kila moja, na mtoto anatakiwa kushika matukio matatu kwa pumzi moja. Mwalimu mmoja aliirahisisha hivi: "Paka aliona panya. Paka alikimbiza panya." Silabi zimepungua, ila Kiswahili kimepinda, masikio ya mtoto yamezoea "alimwona panya", "alimkimbiza panya". Usimfundishe kusoma kwa lugha ambayo hakuna anayeizungumza. Tulipoendelea tukapata hii: "Paka ana njaa. Panya anapita. Paka mbio! Panya mbio!" Neno refu kuliko yote ni "anapita", hadithi haijapoteza kitu, na watoto huisoma kwa sauti ya juu bila kuambiwa. Ile sentensi ndefu usiitupe. Mwalimu aisome mwenyewe kwa sauti, watoto wasikilize, ili upande wa kuelewa lugha nao ukue.

Jambo dogo linalonikera katika nakala nyingi: alama ya king'ong'o hupotea. Maandishi yakihamishwa kutoka programu moja hadi nyingine, "ng'ombe" hugeuka "ngombe", na mtoto anayejifunza kutofautisha "ng" na "ng'" anaonyeshwa kosa lililochapwa kwa wino mzuri. Pitia kila ukurasa kabla hujabonyeza printa.

Tovuti za Kiingereza zina utajiri mkubwa, ila chukua mbinu na uache mpangilio. Kiingereza huandika sauti moja kwa njia nyingi, ndiyo maana tovuti zake hutumia miaka kadhaa kwenye tahajia. Vokali zetu tano hazibadiliki. Mtoto akishashika silabi, anahitaji kasi, msamiati na maneno marefu mapema zaidi kuliko orodha zao zinavyopendekeza. Shughuli za bure za Florida Center for Reading Research, kituo cha utafiti wa usomaji cha Marekani, kwa mfano, zina michezo mingi ya kadi. Mimi hubakiza kanuni za mchezo na kuandika kadi upya. Anayefundisha Kiingereza chenyewe kwa wanafunzi wakubwa atapata tovuti ya CommonLit ikiwa na matini za bure zenye maswali. Hali ni hiyo hiyo kwa jedwali za kasi, zile za idadi ya maneno kwa dakika. Jedwali la Kiingereza lisitumike kumpima msomaji wa Kiswahili. Mrekodi mtoto kwa simu akisoma kifungu kile kile leo na baada ya wiki mbili, umlinganishe na yeye mwenyewe.

Katika kuandika, kwanza zima usahihishaji wa moja kwa moja. Programu nyingi hazijui Kiswahili vya kutosha, hivyo hupiga mstari mwekundu chini ya maneno sahihi, na mtoto mtiifu huyafuta. Imla ya mkono inabaki kuwa bora kwa tahajia. Kompyuta huleta faida yake kwenye rasimu: hati ya pamoja inayotunza matoleo ya awali hukuonyesha mwanafunzi alifuta nini na akaongeza nini, na unaweza kuzungumza naye kuhusu badiliko moja tu badala ya kumrudishia insha iliyojaa wino mwekundu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote hutumia zile zile hadithi huria. Chagua hadithi yenye michoro mizuri, ondoa maneno, bakiza picha. Kila wawili wapewe ukurasa wao, waandike sentensi mbili, kisha mzipange kurasa na kusoma hadithi nzima. Mara nyingi wa ukurasa wa nne hugundua kuwa mhusika wao alishaondoka katika ukurasa wa tatu, na hapo darasa zima hujadili mpangilio wa matukio kwa hamu kuliko somo lolote la insha nililowahi kufundisha. Chini ya jalada andikeni jina la mchoraji na leseni. Majina ya watoto yabaki kwenye nakala ya karatasi ya darasani. Mkiipandisha hadithi mtandaoni, tumieni jina la darasa.