Mchoro wa Vita na Chapa ya Gazeti: Tafadhali Visichanganywe

Tangu picha za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) zianze kusambaa mtandaoni, idara yetu ya uhifadhi imekuwa ikipokea malalamiko ya aina moja: mtu amenunua "mchoro halisi wa vitani", nasi tumekataa kuuthibitisha. Mara nyingi alichonunua ni ukurasa wa gazeti.

Wachoraji Alfred Waud wa gazeti la Harper's Weekly na Edwin Forbes wa gazeti la Frank Leslie waliandamana na majeshi, na wote wawili walikuwapo kwenye mapigano ya Gettysburg Julai 1863. Waud alichora upesi kwa penseli, akatilia rangi nyeupe hapa na pale, kisha akaandika pembeni maelekezo kwa wachongaji. Mchoro ulipofika New York ulinakiliwa kinyumenyume juu ya vipande vya mbao ngumu vilivyokazwa pamoja. Vipande vikafunguliwa, kila mchongaji akachonga chake, vikaunganishwa tena na kupigwa chapa. Ndiyo sababu chapa nyingi zina mistari myembamba iliyonyooka inayokatiza askari na farasi. Hayo ni maungio ya mbao, wala si "saini ya siri", kama tunavyoandikiwa kila mara.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba kamera ilikuwapo, kwa hiyo wachoraji walitunga. Kamera ilikuwapo, lakini ilitaka bamba la kioo lenye dawa mbichi, na kinachopigwa picha kitulie. Kikosi kinachoshambulia hakitulii! Picha za mpiga picha Alexander Gardner za mapigano ya Antietam, 1862, zinaonyesha maiti. Mapigano yenyewe hazikuyanasa. Magazeti nayo hayakuwa na njia ya kuchapa picha ya kamera moja kwa moja. Hata hivyo, chapa isichukuliwe kuwa ushahidi kamili wa alichokiona mchoraji, kwa kuwa mikono mingine iliipitia. Mchoro wa awali ukiwapo, tumia huo.

Mingi ipo. Mwaka 1919 mwenye benki J. P. Morgan aliipatia Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, mkusanyiko mkubwa wenye kazi za Waud na Forbes, na nakala nyingi za kidijitali hutazamwa bure. Anayekwenda mwenyewe achukue kwanza kadi ya msomaji. Haina malipo, hutolewa kwa wenye miaka 16 na kuendelea, na lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Begi huachwa nje ya chumba cha kusomea. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu.

Kabla ya kutuletea karatasi yako, igeuze. Ikiwa nyuma kuna habari au matangazo yaliyopigwa chapa, usisafiri.