Sikio la jazi si la kuzaliwa nalo tu

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti kupiga jazi kwa kusikiliza ni kipaji cha kuzaliwa, wakongwe wa New Orleans, mji wa Marekani ilikozaliwa jazi, hawakufundishwa na mtu, na mtoto asiye na "sikio" asipotezewe muda.

Si kweli. Kutaja noti, yaani sauti moja ya muziki, papo hapo unapoisikia bila kuilinganisha na nyingine ni uwezo adimu, ila jazi haiuhitaji. Inahitaji kusikia umbali kati ya noti na noti, na hilo hufundishika. Jaribu: imba wimbo wowote unaoujua, kisha uanze tena kwa sauti ya juu zaidi. Ukibaki wimbo uleule, sikio unalo. Mwalimu huanzia hapo hapo: mtoto anaimba kipande kifupi cha rekodi, anakitafuta kwenye ala, halafu anakipiga akianzia noti nyingine. Polepole, kila siku.

Tunachanganyikiwa kwa sababu jukwaani tunaona matunda, mazoezi hatuyaoni. New Orleans ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na walimu, bendi za matarumbeta na wanamuziki wengi waliosoma noti vizuri tu.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kuna mzazi atakayeusoma akaghairi kumnunulia mwanawe tarumbeta.