Kusawazisha Si Bakapu

Hapa Mombasa, kuanzia maduka ya kuchapisha ya Moi Avenue hadi kwa mafundi wa Mwembe Tayari, mteja huambiwa: "Usijali, mambo yako yako kwenye wingu, hata kompyuta ikiungua leo." Mwezi haujaisha, mteja yuleyule analalamika kwamba bando linakwisha kabla ya Ijumaa, naye anajibiwa: "Hilo ni wingu linakula. Futa tu." Nimeyasikia yote mawili mara nyingi mno. La kwanza ni nusu ya kweli. La pili limewapotezea watu picha za harusi. Na yote mawili yanatoka kwa wasemaji wasiotofautisha kusawazisha na kuweka bakapu.

Maana yenyewe ni fupi. Kusawazisha ni kazi ya programu inayohakikisha kwamba folda fulani kwenye kompyuta yako na folda nyingine iliyo kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mtandaoni zinazoitwa "wingu", zinafanana saa zote. Ukiongeza faili huku, inaongezeka kule. Ukiibadilisha, ukiihamisha au ukiifuta, na kule ni hivyohivyo. OneDrive, Dropbox, Google Drive na iCloud zote zina kazi hiyo.

Bakapu ni kitu kingine. Ni nakala inayokaa kando, isiyojua wala kujali unachofanya na faili ya asili. Fikiria wenye maduka wawili, mmoja Marikiti na mwingine Kongowea, wanaotumia daftari moja la madeni, kila mstari unaoandikwa huku ukijitokeza kule papo hapo. Huko ni kusawazisha. Kijana wa Kongowea akifuta deni la mteja kwa makosa, Marikiti nako deni halipo. Bakapu ni fotokopi ya daftari hilo iliyofungiwa kwenye mtoto wa meza tangu Jumamosi. Haina habari za leo, ni kweli, lakini deni la mteja bado limo.

Najua nitakavyojibiwa: OneDrive ya Microsoft, ile inayokuja na Windows, ina pipa la taka mtandaoni, tena inatunza matoleo ya zamani ya faili. Sawa. Kwa akaunti ya kawaida, kilichofutwa hukaa humo siku 30 kisha kinaondoka moja kwa moja. Ukigundua siku ya pili, umepona. Lakini wangapi wanagundua siku ya pili? Mtu hutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto siku ya kumwandikisha shule, na huenda alikifuta tangu Mfungo Sita.

Lawama zote nisiwatupie mafundi, maana Microsoft wenyewe wamechangia. Huduma yao ilianza mwaka 2007, baadaye ikajulikana kama SkyDrive, na mwaka 2014 ikawa OneDrive baada ya kushindwa mahakamani Uingereza na kampuni ya televisheni BSkyB kuhusu neno "Sky". Tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013 imo ndani ya mfumo wenyewe, kwa hiyo hukuisakinisha wewe, umeikuta. Na kitufe kinachowasha usawazishaji wa folda za Desktop, Documents na Pictures wamekiandika "bakapu". Ukibofya, folda zako tatu hazinakiliwi zikabaki zilipokuwa. Zinahamishwa. Documents iliyokuwa chini ya jina lako moja kwa moja sasa inakaa ndani ya folda ya OneDrive, na inasawazishwa kutoka huko. Kwenye Windows 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa kompyuta mpya, huenda ukakuta jambo hilo limeshafanyika kabla hujafungua faili hata moja.

Hapo ndipo tatizo la bure linapozaliwa. Nafasi ya bure ni GB 5. Picha za simu za familia moja zinaijaza bila jasho, na ikishajaa, akaunti ya barua pepe ya Outlook, ambayo viambatisho vyake vinatumia nafasi hiyohiyo, nayo inaweza kukataa kupokea na kutuma. Mtu anaona ujumbe mwekundu kila asubuhi, anashauriwa "punguza vitu", anaingia Documents na kufuta. Anadhani anafuta ya wingu na yake itabaki. Kumbe ni faili ileile moja, imeondoka kotekote.

Kuna na lile la mwaka 2017, ambalo wengi hawana habari nalo. Tangu wakati huo Windows inaweza kukuonyesha faili ambayo haimo kwenye diski yako. Jina unaliona, ukubwa unauona, lakini pembeni pana alama ya wingu la buluu: maana yake faili iko mtandaoni tu, na itapakuliwa utakapoifungua. Alama ya tiki ya kijani ndiyo inayosema faili imo humu ndani. Ni jambo zuri kwa mwenye diski ndogo, silikatai. Lakini tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa, mwenye mawingu ya buluu kwenye folda nzima alikuwa na orodha ya majina tu. Sisi tunaoishi mji ambao nyaya hizo zinatokea nchi kavu tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwamba "wingu" ni kompyuta za watu, mbali, na njia ya kuzifikia hupita chini ya maji.

Sasa, asiyelitaka alitoe vipi? Kwanza tuache kusema "kutoa" kana kwamba ni tendo moja. Kuna kusimamisha ile inayoitwa bakapu ya folda. Kuna kutenganisha kompyuta na akaunti. Kuna kuiondoa programu yenyewe. Na kuna kufuta faili zilizo mtandaoni. Ni matendo manne, na fundi akiruka moja kwa moja kwenye la tatu kwa haraka zake, mteja anarudi nyumbani Tudor na folda ya Documents tupu, anapiga simu akilia.

Mfuatano ndio wenye maana. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, bofya kulia folda ya OneDrive na uchague ile amri ya kuziweka faili kwenye kifaa hiki wakati wote, kisha subiri mawingu yote ya buluu yageuke tiki za kijani. Hapa bando litaliwa kweli, kwa hiyo fanya penye waifai ya uhakika, usianze usiku ukiwa na MB 500. Zikishashuka, nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Hiyo ndiyo bakapu, na huenda ikawa ya kwanza uliyowahi kuwa nayo.

Baada ya hapo bofya alama ya wingu karibu na saa, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usawazishaji na bakapu, na usimamishe folda moja baada ya nyingine. Toleo jipya hukuuliza unataka faili zibaki wapi. Chagua kompyuta pekee. Toleo la zamani haliulizi. Linakuachia Documents tupu na njia ya mkato inayokuelekeza zilipo faili, yaani bado zimo ndani ya folda ya OneDrive, na wewe mwenyewe ndiye wa kuzihamisha kuzirudisha mahali pake. Usiogope utupu huo. Kisha, na kisha tu, nenda sehemu ya akaunti uitenganishe kompyuta hii. Baada ya hapo kuiondoa programu kwenye orodha ya programu za Windows ni hiari; ikishatenganishwa haipandishi wala haishushi faili zako.

Kama shida yako ni bando tu, wala huna haja ya hayo yote. Iambie Windows kwamba mtandao unaotumia ni wa kupimwa (metered), yaani unaolipiwa kwa kadiri unavyotumia, na OneDrive husitisha kazi yenyewe kila unapouwasha mtandao huo wa simu. Wakati mwingine dawa ni hiyo tu, lakini haimpi fundi shilingi.

Limebaki tendo la nne, ambalo hata wanaojua mengine huteleza. Jamaa akitoka dukani akasema "nimeshafuta wingu", mara nyingi alichofanya ni kutenganisha kompyuta. Fotokopi ya kitambulisho, slipu za mshahara, hati ya nyumba ya marehemu baba, kila kilichopanda kabla ya siku hiyo bado kimo kwenye akaunti, na yeyote mwenye nywila atakiona. Kama nia ilikuwa kuviondoa huko, ndugu yangu, bado hujaanza: ingia kwa kivinjari, hakikisha tena nakala ya diski ya nje inafunguka, ndipo ufute vya mtandaoni, na pipa la taka la hukohuko nalo ulimwage. Na kabla ya kufuta angalia na simu yako, maana kama nayo inasawazisha akaunti ileile, kutenganisha kompyuta hakukuitenganisha simu.